Maana na Asili ya Neno "Mumbo Jumbo"

Asubuhi moja, mwezi ukiwa wa kumi na nne, wageni wawili walivuka kutoka Shimoni kuja Wasini kwa mashua ya kukodi. Ilikuwa yapata saa mbili. Kwa kuwa hawakupenda kulowa viatu, walimwamuru nahodha ailete mashua mpaka karibu kabisa na ufuko, hapo penye miamba. Mzee mmoja wa kijiji, aliyekuwa ameketi kivulini akishona wavu wake, akawaonya. Alisema kwamba mwezi umekwisha kuwa mpevu, maji ni ya bamvua, na kabla ya saa nne bahari itakuwa imepwa. Kwa hiyo chombo na kiwekwe mbali, penye kina. Alisema kwa Chivumba, na kijana mmoja mwanafunzi akafasiri kwa Kiingereza. Mzee akaonyesha na hesabu ya siku za mwezi kwa vidole.

Mgeni mmoja akacheka, akamgeukia mwenziwe na kumwambia, "Mumbo jumbo."

Yule kijana alisikia "mambo" na "jambo". Alifurahi kuona kwamba mgeni anajua Kiswahili, naye kwa adabu yake akamjibu salamu zote mbili kwa mara moja: "Poa! Sijambo!"

Nahodha ni mtu wa kulipwa, naye alinyamaza. Wageni wakaenda zao kutazama bustani ya matumbawe, pale kina mama wa kijiji walipojenga daraja la mbao. Waliporudi walikuta mashua imelala ubavu juu ya mwamba kama ng'ombe aliyechoka, na maji yako mbali. Haikuelea tena hata ilipokaribia saa saba. Gari lililokuwa likiwangojea Shimoni ili liwarudishe Diani lilikuwa limekwisha kuondoka.

Nilikuwapo siku ile. Katika saa zile za kungoja maji, kijana aliniuliza neno lile lina maana gani, maana alikwisha kutambua kwamba halikuwa salamu. Mzee naye aliuliza swali lililo gumu zaidi: "Je, ni neno letu walilolichukua wakaliharibu?" Niliwaahidi kuandika jibu, nalo ni hili.

Kwanza maana. Kwa Kiingereza, "mumbo jumbo" ni jina la maneno au matendo yanayoonekana kuwa makubwa, yenye siri na fahari, lakini ndani yake, kwa fikira za msemaji, hamna kitu. Waingereza wana maneno mengi ya kutajia upuzi, na kila moja lina mahali pake. "Nonsense" ni neno la kawaida, nalo limeundwa kwa sehemu mbili tu, "si" na "maana". "Bunkum" ni upuzi wa wanasiasa, nalo lina kisa cha kuchekesha. Mwaka 1820 mjumbe mmoja wa Bunge la Marekani, jina lake Felix Walker, alisimama kusema hali wenzake wamechoka na wanataka kupiga kura. Walipomsihi aketi, alikataa, akasema kwamba hasemi nao, bali anasema kwa ajili ya watu wa wilaya yake ya Buncombe. Tangu hapo hotuba tupu ikaitwa "buncombe", na baadaye "bunkum". Lakini "mumbo jumbo" hutumika zaidi kwa mambo ya mganga, ya wakili, ya daktari, ya mtu yeyote mwenye maneno yake ya kazi ambayo sisi wengine hatuyafahamu. Mtu akipewa mkataba wa nyumba wenye kurasa kumi za maneno ya sheria, huweza kusema kwamba ni "mumbo jumbo" tu. Neno hili lina dharau kuliko hayo mengine. "Nonsense" humwambia mtu kwamba amekosea. "Mumbo jumbo" humwambia kwamba yeye na mila zake hawastahili hata kusikilizwa.

Kwa Kiswahili neno lililo karibu ni upuzi, ambalo siku hizi wengi huliandika upuuzi. Tuna na puo, na porojo. Lakini porojo haina ubaya mkubwa, maana wazee barazani hupiga porojo mchana kutwa wakafurahi nazo. Upuzi huuma. Mzee haambiwi kwamba asema upuzi.

Sasa tuje kwenye swali la mzee. Wako watu wengi, Waafrika na wageni pia, wasemao kwamba "mumbo jumbo" latokana na Kiswahili, yaani "mambo" na "jambo". Ni rahisi kuona sababu ya kudhani hivyo. Mwingereza anapolitamka neno lake, ile herufi "u" haitoki kama "u" yetu; hutoka karibu sana na "a". Sikio la mtu wa pwani basi husikia "mambo jambo", kama alivyosikia kijana wetu. Na kwa kuwa wageni wengi wajao katika hoteli za Diani hujifunza "Jambo!" kabla ya neno lingine lolote, dhana hii yazidi kupata nguvu.

Lakini Kiswahili chenyewe chaikataa. "Jambo" ni umoja na "mambo" ni wingi wa neno lile lile. Hakuna Mswahili awekaye wingi na umoja hivi pamoja akapata maana, kama vile tusivyosema "mawe jiwe" wala "meno jino". Tena salamu yetu ya asili si "jambo" peke yake. Twasema "Hujambo?", na hiyo "hu" ya mwanzo ni ya kukana: huna jambo, yaani huna neno la kukusumbua? Ajibuye "Sijambo" asema kwamba hana. Basi mtu akisema "Jambo!" tu, amekata kichwa cha neno akaacha mwili. Twamjibu kwa ukarimu, nasi twajua alilotaka kusema.

Yafaa kujihadhari sana na maneno yafananayo kwa sauti. Wasini wenyewe wana mfano wa jambo hili mlangoni pao. Wako wasemao kwamba jina la kisiwa latokana na Wachina, kwa sababu China kwa Kiarabu huitwa Sini, na kwa sababu katika makaburi ya kale ya hapo palipachikwa bakuli za kauri za Kichina. Bakuli zilifika kweli, maana biashara ya Bahari ya Hindi ilizileta katika miji mingi ya pwani hii. Lakini bakuli huweza kusafiri bila ya mwenyewe, na sauti mbili kufanana si ushahidi wa undugu. Atakaye kujua asili ya neno hana budi kuuliza lilionekana wapi kwanza, na lini, na kinywani mwa nani.

Tukiuliza hivyo juu ya "mumbo jumbo", jibu latupeleka mbali na Wasini, mpaka upande wa pili wa bara, kwenye mto Gambia. Huko wako Wamandinka, watu ambao lugha yao si ya jamii ya Kibantu kama yetu. Kati ya mwaka 1730 na 1735 Mwingereza mmoja, Francis Moore, alikuwa huko akiitumikia kampuni ya biashara ya Kiingereza iliyoitwa Royal African Company, nayo ilifanya pia biashara ya watumwa. Aliporudi kwao aliandika kitabu juu ya safari zake, kikachapwa mwaka 1738. Katika kitabu hicho ameeleza habari za "Mumbo Jumbo".

Lilikuwa vazi refu la magamba ya mti, lenye kishungi cha majani makavu juu yake, na mtu akilivaa huonekana kuwa mrefu kupita kimo cha binadamu. Lilitoka usiku tu. Palipokuwa na ugomvi kati ya wanaume na wanawake, Mumbo Jumbo aliitwa aje kuamua, na Moore asema wazi kwamba hukumu ilikuwa karibu kila mara ya kuwafaa wanaume. Wanaume walioingizwa katika siri hiyo waliapa kutomwambia mwanamke yeyote wala mvulana asiyepata umri. Walikuwa na lugha yao ya siri pia, asiyoielewa mtu wa nje. Hili halitawashangaza wasomaji wa pwani, ambao utotoni walicheza kinyume, ile lugha ya kuchukua silabi ya mwisho ya neno na kuiweka mwanzo, hata Wasini ikawa "niwasi". Askofu Edward Steere wa Unguja aliieleza lugha hiyo ya kinyume katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Lakini siri ya Gambia haikuwa mchezo. Moore asimulia kwamba yapata mwaka 1727 mfalme mmoja wa nchi ya Jagra alishindwa na udadisi wa mke wake, akamfunulia siri ya vazi. Mke akawaambia wenziwe. Habari zilipojulikana, mfalme na mkewe wakauawa wote wawili.

Miaka sitini baadaye akapita daktari wa Kiskoti, Mungo Park, aliyekuwa akitafuta mto Niger. Mwezi wa Desemba 1795 alifika katika mji uitwao Kolor, akaona vazi la magamba limetundikwa mtini karibu na lango. Alipouliza aliambiwa kwamba ni la Mumbo Jumbo. Ameeleza namna mambo yalivyokwenda. Mwanamume mwenye wake wengi, nyumba ikimshinda kwa ugomvi, hulivaa vazi yeye mwenyewe au hulivika mtu mwingine. Jioni hupiga makelele ya kutisha katika msitu. Giza likiingia huja mjini na kwenda moja kwa moja kwenye baraza, na watu wote hawana budi kukusanyika. Kila mwanamke mwenye mume huja na hofu moyoni, maana hajui kama safari hii ni zamu yake. Ngoma na nyimbo huendelea mpaka usiku wa manane. Ndipo Mumbo Jumbo humnyooshea mkono mmoja wao. Hukamatwa, akavuliwa nguo, akafungwa mtini na kupigwa kwa fimbo mbele ya mji mzima. Park asema kwamba walioshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa wale wanawake wengine.

Sioni haja ya kuisifu desturi hiyo. Ilikuwa ya ukatili, na msomaji yeyote mwenye dada au binti atahisi hivyo. Lakini neno moja haliwezi kusemwa juu yake, nalo ni kwamba haikuwa na maana. Maana yake ilikuwa wazi mno. Lilikuwa baraza la hukumu lililovaa magamba ya mti. Moore mwenyewe aliandika kwamba ni kitu kilichobuniwa na wanaume ili wawatishe wake zao. Wanaume walijua wazi aliyemo ndani ni nani, na yawezekana kwamba wanawake wengi walijua pia, ila haikuwafaa kukiri.

Basi upuzi uliingiaje? Haukuingia Gambia, uliingia Uingereza. Vitabu vya Moore na Park vilisomwa na watu wengi ambao hawakupata kuona vazi wala mto. Wao walishika jina tu, kwa sababu lilichekesha masikioni mwao. Polepole Mumbo Jumbo, aliyekuwa mtu ndani ya vazi, akageuzwa kuwa mungu wa sanamu ambaye, eti, Waafrika walimwabudu. Halafu, katika karne ya kumi na tisa, jina likawa la kitu chochote kinachoheshimiwa bila ya sababu, hata kiwe cha Kizungu. Karne hiyo ilipokuwa ikiisha, likawa na maana yake ya leo ya maneno matupu. Mwaka 1899 Helen Bannerman alitunga kitabu cha watoto kiitwacho "The Story of Little Black Sambo", na wazazi wa mtoto huyo mweusi wakaitwa Black Mumbo na Black Jumbo. Hapo jina la hakimu wa kutisha lilikuwa limekwisha kuwa la kuchekea.

Nitie kando hapa habari ya ndovu. Yuko ndovu aliyetoka Afrika, akafikishwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, akaitwa Jumbo. Mwaka 1882 aliuzwa Marekani kwa P. T. Barnum, mwenye maonyesho ya wanyama, na mwaka 1885 akagongwa na gari la moshi huko Kanada akafa. Kwa ajili yake kitu chochote kikubwa mno huitwa "jumbo", hata ile ndege ya Boeing 747. Wataalamu wengine husema jina lake ni nusu ya "mumbo jumbo", na wengine hulitafuta katika "jumbe" au "jambo" ya Kiswahili. Mzee wa Wasini, ambaye ajua vizuri jumbe alikuwa mtu wa namna gani katika miji ya Vumba, alipendezwa na rai hiyo ya pili; lakini naona alipendezwa kwa sababu ya ukubwa wa ndovu.

Tabia ya kukiita upuzi kile usichokifahamu si ya Waingereza peke yao. Wayunani wa kale waliwasikia wageni wakisema, wakaona ni "bar bar" tu, na humo likatoka neno lao la kumwita mtu asiyestaarabika. Waarabu waliwaita "ajam" wale ambao usemi wao haukuwa wazi kwao, jina likawashika hasa Wafursi, nasi tukalipokea bila ya kuuliza; ndiyo maana nchi ya Iran tuliiita Uajemi. Na sisi wenyewe je? Mara ngapi mtu wa Mombasa au wa Unguja amemsikia Mvumba akisema lugha ya kwao akacheka, akadhani kwamba ni Kiswahili kilichovunjika? Chivumba hakikuvunjika. Ni Kiswahili cha watu wenye mji wa kale, Vumba Kuu, waliokuwa na Diwani wao, na ngoma zao na siwa yao ya kupigwa siku za heshima. Mwingereza A. C. Hollis aliandika habari zao na kuzichapisha mwaka 1900. Mwaka 1957 H. E. Lambert alitoa kitabu kizima juu ya lugha yao, na mwaka uliofuata akatoa kingine juu ya Chichifundi cha majirani zao. Hawa waliuliza kabla ya kucheka, na hadi leo wanafunzi wa vyuo vikuu husoma kazi zao.

Kuna jambo lililotokea mwaka 2008 ambalo lastahili kutajwa. Shirika la UNESCO liliingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu usioshikika mila ya Wamandinka iitwayo Kankurang, ya Senegal na Gambia, ambayo ndani yake mtu huvaa vazi jekundu la magamba ya mti akawalinda vijana wakati wa jando. Ndugu wa karibu wa Mumbo Jumbo, kwa sura angalau. Mwaka ule ule shirika hilo hilo liliiandika misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mmoja wa misitu hiyo ni Kaya Kinondo, hapa hapa Kwale, karibu na hoteli za Diani. Aingiaye hujifunga kaniki nyeusi, na hakuna ruhusa ya kukata mti wala kuchukua hata ukuti. Wako waliowahi kuyaita makatazo hayo ya wazee wa Kidigo kwa jina lile lile alilolitamka mgeni wa Wasini. Lakini pande zote za msitu ule miti imekatwa, na ndani yake imesimama.

Nilipomsomea mzee haya yote, alisikiliza mpaka mwisho, wavu magotini. Kisha akasema, "Basi si letu."

"Si letu, mzee."

"Afadhali," akasema, akaendelea kushona.

Kijana naye alikuwa na swali lake. Alitaka kujua "bamvua" ni nini kwa Kiingereza, ili siku nyingine afasiri vizuri zaidi. Nilimwambia kwamba ni "spring tide", na kwamba asidhani neno hilo lahusu majira ya mwaka ambayo Waingereza huyaita "spring", ingawa sauti ni moja. Hapo maana yake ni kububujika au kuruka juu, kama maji ya chemchemi. Na bamvua huja mara mbili katika kila mwezi wa mbalamwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Maji mafu ni "neap tide". Nilimwambia pia kwamba kila siku maji huchelewa kwa muda usiotimia saa moja, jambo ambalo mzee alikuwa akilionyesha kwa vidole vyake siku ile.

Juma lililofuata nilikuta ubao mdogo umepigiliwa msumari pale watu washukiapo. Umeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza siku za bamvua za mwezi ule, saa ambazo maji yatakuwa yamepwa, na mahali pa kuweka mashua. Chini yake, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba atakaye maelezo zaidi na amwulize mzee ashonaye nyavu.

Nahodha wa siku ile alikuwa amesimama mbele ya ubao akiusoma kwa sauti.